Lori Lisilozimwa

Redio ndiyo iliyoanza uchokozi. Tulikuwa kwenye benchi langu la kahawa, mtangazaji akasema leo ni siku ya mwisho ya ukaguzi wa malori ya zamani. Afisa atazima injini ikiwa ya moto, kisha atamwamuru dereva aiwashe. Lisilowaka, chuma chakavu.

Wote tukamgeukia Mzee Gia. Lori lake, kongwe kuliko ndoa zetu zote ukiziunganisha, lilikuwa pale barabarani linaunguruma. Tangu lianze kugoma kuwaka likiwa la moto, mzee halizimi. Akinywa kahawa, linaunguruma. Akienda kuzika, linaunguruma nje ya makaburi. Wateja wangu wanakunywa kahawa na moshi kwa bei moja.

"Huu ni uonevu!" alifoka Mheshimiwa. Tunamwita hivyo kwa sababu kila uchaguzi anagombea na kila uchaguzi anaangushwa. "Nani kawatuma kuzima gari linalotembea?"

"Wewe nyamaza," alisema Mzee Gia. "Wakilichukua nitakula nini? Nije kwako?"

Mheshimiwa akazamisha pua kwenye kikombe chake.

"Mzee, kalizime tulione," nikasema.

"Mama, una akili kweli?"

"Lizime! Bora liaibike hapa kuliko huko."

Akapanda, akazima. Mtaa ukawa kimya hadi mshonaji wa ng'ambo akachungulia dirishani. "Jamani, kuna msiba?"

Mzee akawasha. Stata ikazunguka, ikazunguka, injini wapi!

"Betri hiyo," alisema Mheshimiwa.

"Betri gani, na stata unaisikia inavyokimbia?" Huyo ni Spana, fundi wetu. "Ni petroli. Bomba lake limelalia bomba la moshi. Ukizima tu, joto linapanda, petroli inachemka njiani. Injini inangoja petroli, inaletewa mvuke. Nikisogeza bomba na kuweka bati katikati, kazi imekwisha."

"Sasa kwa nini hujasogeza?" nikamuuliza.

"Mama, huyu analeta lori gereji linaunguruma! Nikimwambia zima nifanye kazi, anasema akizima halitawaka. Nifungue bomba la petroli injini ikiwaka? Mnataka kunizika?"

"Si limezimwa sasa? Fungua!"

"Mpaka nipate bati, nikate, nifunge, afisa atakuwa kwake anakula na watoto."

Mzee Gia alikuwa anapiga pedali ya mafuta kama anaua nyoka. Harufu ya petroli ikatufikia.

"Toa mguu!" nikapiga kelele. "Unaimwagia injini petroli tu!"

Akaegemeza kichwa kwenye usukani. Na Mheshimiwa, akiona watu wamesimama na hakuna anayezungumza, alishindwa kujizuia. Akapanda kwenye bampa.

"Ndugu wananchi! Nani asiyejua mchango wa lori hili?"

Akaanza na lori, akaingia kwenye barabara, akapitia maji, akagusa bei ya sukari, akarudi kwenye maji. Mshonaji akafunga dirisha. Mimi nikaosha vikombe vyote, nikavifuta, nikachemsha kahawa upya. Spana alisinzia, akaamka, akakuta bado ni maji.

"...na mimi sitakaa kimya!"

"Hilo tunalijua," nikasema. "Shuka. Mzee, jaribu tena."

Mzee akagusa ufunguo bila matumaini. Lori likakohoa mara moja, likanguruma.

"Mmeona?" Mheshimiwa akarusha mikono juu. "Nguvu ya hoja!"

"Hoja gani?" Spana akapiga mwayo. "Umeongea mpaka injini imepoa."

Mzee Gia akamtazama Mheshimiwa kwa muda, kama mtu aliyeokota spea adimu. Kisha akamfungulia mlango wa upande wa pili.

"Panda."

"Twende wapi?"

"Kwenye ukaguzi. Afisa akizima tu, unaanza."

Mheshimiwa akatengeneza kola. "Sasa nihutubie kuhusu nini, mzee wangu?"

"Kwani hapa ulikuwa unahutubia kuhusu nini?"