Modeli Yangu na Bi Ok wa Ng'ambo

Jumatatu, 9 Septemba
Hospitali kuu imetamka. Baada ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, itanunua damu kwa nyumba moja tu ya kuchangia damu hapa mtaani: ile ambayo chembe zake za kugandisha damu hazitakatika sikukuu nzima. Nyingine itafungwa. Ama sisi, ama Bi Ok Hyang-sim wa ng'ambo ya barabara. Mkuu Pyo kaniambia tukishindwa nitapelekwa kwenye basi linalokusanya damu kambi za jeshi.

Siendi kokote. Nina modeli! Washindani wawili, milinganyo sita, jibu moja. Bi Ok humpa kila mchangiaji tiketi moja ya sinema. Mimi nitatoa mbili, na boksi la keki za chokoleti. Atapandisha, nitapandisha, mfuko wake utatoboka. Mwisho itabaki nyumba moja. Nimepigia mstari.

Muuguzi Bang aliuliza watu wako wapi kwenye hesabu hiyo. Nikamwonyesha. Ni hii x.

Jumatano, 11 Septemba
Ushindi. Foleni imefika hadi duka la tambi. Modeli ilisema Bi Ok atapandisha leo. Hakupandisha. Alisimama mlangoni na kikombe cha chai, akawaelekeza kwetu hata wateja wake. Amechanganyikiwa, maskini. Nimeuingiza ujinga wake kwenye mlinganyo wa tatu. Hesabu imekaa vizuri zaidi.

Jumamosi, 14 Septemba
Mtaa mzima umechangia. Muuza keki za mchele, kinyozi, hata mkata tiketi wa sinema, aliyelipwa tiketi zake mwenyewe. Mkuu Pyo alinishika mkono kwa mikono yote miwili.

Muuguzi Bang ananung'unika. Ati chembe hizo huishi siku tano tu. Ati aliyetoa damu harudi kabla ya miezi miwili. "Naibu Tak," alisema, "umekula mbegu na mavuno kwa mlo mmoja." Nikamwambia mambo hayo huandikwa chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo.

Jumanne, 17 Septemba. Chuseok.
Hospitali ilipiga simu asubuhi. Inataka chembe mpya kesho. Za Jumatano zilikwisha muda jana, za Jumamosi zimeshachukuliwa zote. Mtaani hakuna mtu. Wote wamekwenda kwao kuwatolea mababu sadaka. Niliwapata wanne kituo cha basi. Wote wana plasta mkononi, na plasta ni zetu.

Ng'ambo, kwa Bi Ok, watu wamejaa. Nikavuka kupeleleza. Mlangoni kabandika karatasi: HAPA HAKUNA ATAKAYEKUULIZA UTAFUNGA NDOA LINI. Ndani, wanaume na wanawake waliovuka thelathini bila ndoa, wamejilaza vitini, mashine zikiwachuja chembe taratibu, wanasubiri bakuli la supu ya magimbi. Mmoja alisema nyumbani shangazi zake ni saba, na hapa sindano ni moja tu.

Simu yangu ikalia. Mama. Kabla sijamsalimu, shangazi wa Gimcheon akamnyang'anya simu, akauliza kama yule binti wa benki bado nimemkalia kimya, maana ana mwingine, mfamasia mwenye nyumba yake. Nikakata.

Bi Ok alikuwa amesikia. Akavuta kiti.

"Kaa, Naibu Tak. Hapa utaulizwa aina ya damu tu."

Nikakaa. Kwa upelelezi. Kabla ya kunichoma akaniambia nisijali, ameniwekea kiti hicho tangu Jumatano. Supu ilikuwa nzuri. Nilirudia.

Alhamisi, 19 Septemba
Hospitali imechagua kwa Bi Ok. Mkuu Pyo alinisomea uamuzi polepole. Muuguzi Bang anahamia ng'ambo, kaomba yeye mwenyewe. Mimi naanza Jumatatu kwenye basi.

Nimerudia hesabu yote kwa utulivu. Haina kosa. Modeli ilisema itabaki nyumba moja, na imebaki moja. Ipi, sikuwahi kuiuliza. Nimemweleza Mkuu Pyo kwamba ni nadra utabiri kutimia kwa usahihi namna hii. Alifunga mlango, bila shaka ili atafakari.

Kuhusu kambi, nimeshaangalia. Kikosi chote kiko sehemu moja, hakina pa kwenda. Nitawamaliza wote siku ya kwanza. Tiketi tatu kila mmoja.