Rangi ni ya Hoteli

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Binti yangu alikuja jana. Hakukaa. Kasimama mlangoni, kaangalia kuta, kaniangalia mimi. Kasema baba, hii siyo nyumba, hii mochwari. Kiti kimoja. Kikombe kimoja. Kuta simenti tupu. Tena mjukuu wangu anaogopa kuja, eti nyumba ya babu imekufa na babu kasahauliwa ndani.

Jumapili anarudi na pikapu. Nihamie kwake, hapa papangishwe.

Nikasema siendi. Hapa nimeishi na mama yake, hapa ndipo nitakapotolewa nimelala. Tukavutana. Mwisho akasema haya, baba, nakupa wiki. Nikikuta nyumba ina uhai, utabaki. Nikikuta hivi hivi, unapanda pikapu na godoro lako.

Kisha kapita kwa jirani, Kinyozi, kumsalimia. Nimesikia kila neno, ukuta wetu ni mmoja. Kwake karatasi za maua ukutani! Zulia la kijani! Kasuku wa plastiki! Binti yangu kasema hapa sasa ndipo pana uhai. Kinyozi kacheka kile kicheko chake kama mashine ya kunyolea.

Kinyozi huniita Zege. Ndiyo kazi yangu, kibarua wa ujenzi, nakoroga zege mwaka wa ishirini na sita. Husema nyumba yangu ni ghala la simenti, limekosa mlinzi tu.

Marehemu mke wangu alitaka rangi. Kila mwaka aliomba. Kila mwaka nilimjibu, rangi ni ya hoteli. Mwisho akaacha kuomba. Nikajua ameelewa.

Sasa nitapaka. Nitapaka mpaka Kinyozi aumwe macho.

Naandika humu maana sina wa kumwambia. Kumwambia Kinyozi ni kuliambia soko.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nyapara kaniruhusu nichukue mabaki ya rangi saiti. Makopo kumi na moja! Kijani cha zahanati. Waridi la chekechea. Bluu. Nyekundu ya mabati. Zambarau, sijui nani alipaka zambarau. Nimesukuma toroli mpaka nyumbani, watu wananipisha kama napeleka posa.

Shida moja. Hakuna kopo linalotosha ukuta. Mwingine angekwama hapo. Mimi sikwami. Kisichotosha, changanya. Mchanga peke yake si kitu, simenti peke yake si kitu, ukichanganya unapata ghorofa. Nikamimina yote kwenye pipa. Nikakoroga kwa beleshi.

Rangi ya matope.

Kumi na moja zimeingia, imetoka moja, tena hiyo. Halafu ya mafuta ikakataa kukaa na ya maji. Imepanda juu, imenuna. Mawifi wawili jiko moja.

Nimepaka hivyo hivyo, ukuta mzima wa mlangoni. Nikarudi nyuma nitazame. Ukuta ni ule ule, ila umelowa.

Kinyozi kachungulia dirishani. Kauliza naanza kupaka lini.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Leo sikwenda saiti. Nimeamka na akili mpya. Rangi haina maana. Vitambaa!

Nimeenda kwenye marundo ya mitumba. Nimerudi na mapazia tisa. Chui. Mawaridi. Mipira ya miguu. Chui tena. Moja lina ramani ya dunia, nchi nyingine zimepauka. Mapazia tisa, dirisha moja. Mengine nimeyapiga ukutani kwa misumari ya zege ya inchi nne. Hayo hayatoki mpaka kiama. Nimepata na maua ya plastiki ndoo mbili, na kioo chenye taa pembeni. Taa iliwaka mara moja. Niliiona.

Nikaketi katikati nione uhai. Chui kushoto, chui kulia. Kichwa kikaanza kuniuma.

Mwanamke mpita njia kasimama mlangoni, kauliza pazia la mawaridi bei gani. Nikamwambia hapa si dukani, mama, hapa ni nyumbani kwangu. Kaangalia ndani tena, taratibu. Kasema pole.

Jioni nimesikia Kinyozi anagongomea kitu. Kaongeza kasuku wa pili. Aliniona na chui wangu! Nimefurahi kidogo. Halafu nikapika, nikala mwenyewe, furaha ikaisha kabla ya chakula.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Umebaki ukuta mmoja mtupu, wa kabati la nguo, ule wa kwa Kinyozi. Kabati la marehemu. Sijalifungua tangu tumzike, miaka miwili. Halisogei, limejaa. Ikabidi nitoe nguo. Nimezitoa moja moja, nikaweka kitandani. Sitaki kuandika habari za nguo.

Nikasukuma.

Nyuma ya kabati kuna mraba wa njano. Ukubwa wa sinia. Umepakwa kwa mkono, kingo zimepinda. Chini yake kikombe cha bluu, brashi imegandia ndani.

Kikombe hicho kilipotea miaka sita iliyopita. Nilisema Kinyozi kakiiba. Nilimwambia mbele ya wateja wake, mmoja kanyolewa nusu kichwa. Mke wangu alikuwepo. 

Alijaribu rangi pale nisipoona. Akarudisha kabati. Akangoja nibadilike. Sikubadilika, akafa.

Njano yenyewe si ya ndizi. Si ya mahindi. Sina jina lake.

Nimekaa kitandani kwenye nguo. Kinyozi kagonga ukuta, kauliza, we Zege, mbona kimya, umekufa? Kagonga tena. Nikamwambia bado.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nyumba nzima itakuwa njano ile! Hiyo ndiyo nyumba aliyoitaka. Binti akiiona hatatia neno.

Nimeenda duka la rangi. Muuzaji ni mama mmoja wa miwani, mpole. Kasema wanayo mashine, unaleta sampuli, inakutolea rangi ile ile. Nikauliza sampuli kiasi gani. Kasema kidogo tu, kipande kama ukucha.

Ukucha! Mtu wa saiti hapeleki ukucha. Ukitaka kuonyesha kazi, onyesha kazi. Nikaamua niukate mraba mzima, usichubuke hata kingo. Nikachukua tindo na nyundo.

Ukuta huo niliujenga mimi na baba yake Kinyozi. Tulibana matofali. Tuliyasimamisha kwa ubavu yatoshe, ukuta ukatoka mwembamba. Nilijua hilo. Nililijua vizuri sana, baada ya pigo la tatu.

La kwanza, vumbi. La pili, ufa. La tatu, mraba ukaondoka. Haukuja kwangu. Ulienda kwake.

Vumbi likatulia. Nikamwona Kinyozi kwenye tundu, katikati ya maua yake, kikombe mkononi, kasuku mmoja mguuni. Tukaangaliana. Miaka yote hiyo hatujawahi kuangaliana karibu hivyo.

Kasema karibu chai, Zege.

Nimezunguka kwa mlango wa mbele, heshima ni heshima. Mraba umevunjikia kwenye zulia la kijani. Nimeokota vipande nimepiga magoti. Kikubwa kuliko vyote kama kiberiti. Nikalifuta na lile neno la wizi, nikamwambia kikombe kile hukuiba. Kasema anajua. Mke wangu alimwambia siku ile ile, akamwomba asinijibu.

Miaka sita kabeba jina la mwizi na hakunijibu! Nimemwambia karatasi zake zilikuwa zimeshaanza kubanduka.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Kinyozi kaziba tundu kwa kalenda. Picha imeangalia kwake. Mimi nimepewa mgongo mweupe. Hizo ndizo tabia zake. Nimelifunika kwa chui.

Nimekimbia dukani na kipande. Nilikiweka mfukoni, suruali ya kazi. Mfuko ule una simenti ya mwaka juzi, na jasho nilitokwa. Mama wa miwani kakiweka kwenye mashine. Mashine imesema kijivu.

Miaka yote ile nilimnyima rangi. Na mashine nayo imemnyima!

Kasema nimweleze kwa mdomo, inafanana na nini. Nikasema kuna gauni alikuwa nalo. Kauliza gauni gani. Juzi tu nimezishika nguo zake zote, moja moja. Nikasimama pale. Sikuliona. Siku ile nilikuwa naangalia pembeni.

Kaniletea kadi ya njano arobaini. Nimechagua kwa moyo. Moyo ulisema hii hii, naifahamu hii, nimeizoea. Nimepaka kuta zote zilizoonekana kati ya mapazia, na ule wa matope juu yake. Nimemaliza alasiri. Nimerudi nyuma nitazame.

Njano ya katapila.

Ndiyo maana nilikuwa nimeizoea. Nyumba yangu inafanana na mashine ya kuchimba barabara iliyomeza chui wawili.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Wamekuja. Binti na mkwe. Pikapu imesimama nje, mdomo wazi.

Nimewaambia karibuni. Binti kaingia hatua tatu. Kaangalia katapila, mipira, ramani, maua ya ndoo mbili. Mkwe kashika funguo, macho kwa chui. Binti kauliza kwa sauti ndogo, baba, nani kakufanyia hivi?

Nikasema mimi.

Nikajiegemeza kidogo, nionekane mtu aliyestarehe. Nimeegemea chui. Nyuma ya chui kulikuwa na kalenda. Nyuma ya kalenda hakukuwa na kitu. Bega limepita. Msumari wa inchi nne umetoka, na kiama hakijafika.

Binti kachungulia. Kasema shikamoo baba mdogo. Kinyozi kaitikia marahaba mwanangu, kutoka kwenye kiti chake, hakushtuka hata.

Nikajua kwisha. Sasa atanichoma. Lakini Kinyozi kasema jambo ambalo sikulitaraji. Kasema hii miaka miwili, kila asubuhi alikuwa anaweka sikio ukutani asikie kama nimeamka. Siku nyingine alikuwa anangoja sana. Wiki hii hakuweka sikio hata siku moja. Kelele, vumbi, matusi! Kasema mwanangu, kama unatafuta uhai, humu umejaa mpaka umenitobolea ukuta.

Binti kalia. Nikampa kile kipande cha kiberiti, sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Kakipangusa kwa kidole kilicholowa machozi. Njano ikatokea, kidogo, kama ukucha.

Kaijua! Kasema mama alimtuma yeye kununua. Alipaka sehemu moja, kopo lililobaki akamrudishia, akamwambia litunze, baba yako hayuko tayari. Lipo kwake stoo.

Nikamwambia basi umeona, uhai upo, nabaki. Kasema uhai upo, baba, kweli. Ukuta ndio haupo. Utakaa kwangu mpaka fundi auzibe. Nikamwambia fundi ni mimi. Kasema ndiyo maana.

Nimepanda pikapu na godoro langu. Kinyozi katoka barazani. Kasema Zege, usikawie, upepo unapita.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Kwa binti. Kuta nyeupe, zote, kama sanda. Mjukuu ananiuliza kila siku lini tutaenda kwa chui.

Fundi wa kuziba tundu alifika kule Jumamosi. Kinyozi kamfukuza. Kasema atazibiwa na aliyetoboa.

Binti kanipa kopo. Juu limefanya ngozi, chini rangi mbichi, nusu kopo. Ni yenyewe. Kaniapisha. Hii ni ya kule nyumbani, ya ukuta wa mama, huku usiguse kitu, baba, nyumba ya watu hii. Nikaapa.

Leo wote wametoka. Nikasema nijaribu kidogo, nione kama bado inashika. Nimesogeza kabati. Nimepaka mraba, ukubwa wa sinia, kama wake. Umependeza mno. Nikauongeza kidogo. Kisha kidogo. Kisha nikautengeneza kingo.

Sasa kabati haliufuniki.

Na kopo limekwisha. Nimelikwangua mpaka bati. Karatasi ya jina ililiwa na kutu, hakuna namba, hakuna kitu. Nyumba yangu inangoja rangi hii hii, na binti kasema Jumamosi tunakwenda kupaka.

Sijashtuka. Mama wa miwani ana mashine. Inataka sampuli tu. Safari hii sitaweka mfukoni, nitaifunga kwenye kitambaa kisafi, na nitaikata nzima isichubuke.

Nimegonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Unalia vizuri. Upande wa pili anakaa mwenye nyumba.

Tindo ipo kwenye begi.