Sahani Mlangoni kwa Mwanamvita

Jumatatu, 26 Desemba 2005

Basi jana nilikatizwa na wageni, nilikuwa kwenye habari ya sahani. Imerudi! Kitambaa hata hakijafunuliwa. Wali wangu wa Krismasi, kuku, chapati, vyote vilevile, vimepoa. Binti yangu Ruti kaipeleka kwa jirani, kaambiwa Mwanamvita ameshiba. Ameshiba! Na kuku kachinjwa na Masudi, mume wake mwenyewe! Kila Krismasi namwita Masudi achinje ili majirani zetu Waislamu nao wale. Kaja, kachinja, kanywa chai, kasema kwenye ugomvi wa wanawake yeye hayumo.

Kisa? Nilisema bombani kwamba mchumba wa Fauzia, binti wa Mwanamvita, kaingia mitini. Si uongo! Ila bombani kulikuwa na watu wengi kidogo.

Miaka yote hii ukuta kwa ukuta. Leo sina wa kumsimulia. Nimemsimulia mbuzi.

Alhamisi, 29 Desemba

Dawa imepatikana! Redio imeeleza dunia inavyopokea mwaka mpya. Kuna wanaokula zabibu kengele ikigonga. Kuna wanaochoma sanamu la mwaka wa zamani. Sisi hapa mkesha kanisani, asubuhi watoto wanapita kudai mkono wa sikukuu, basi. Lakini Denmark! Huko unamvunjia rafiki sahani mlangoni. Akikuta vigae vingi, ajue anapendwa.

Nimeanza kukusanya sahani zilizomeguka. Anastazia muuza vitenge kauliza za nini. Nimemwambia asubiri. Siku hizi anamnyemelea Mwanamvita, wanakwenda sokoni pamoja. Ataona!

Jumamosi, 31 Desemba

Ole wangu. Nimekwenda mlangoni kwa Mwanamvita magharibi, sahani nimezifunga kwenye kanga. Umeme umekatika, nikaona afadhali. Paa! Paa! Paa! Nataka kupiga kelele za heri ya mwaka mpya, Mwanamvita kaniwahi. Uchawi! Uchawi! Mtaa mzima ukatoka na tochi. Madereva wa malori wanaosubiri kuvuka mpaka nao wakaja. Mmoja kasema vigae visiguswe mpaka aitwe mtaalamu.

Masudi kaokota kimoja, kakigeuza. Chini kuna alama ya rangi ya kucha, nyekundu. Alama ya vyombo vya Mwanamvita!

Ile sahani yake ya maua. Aliniletea pilau ya Idi. Sikuirudisha kwa sababu sahani ya jirani hairudi tupu, na kila nikipika naona leo hakijapendeza. Kwa giza lile nimeibeba pamoja na zile mbovu.

Mwanamvita hakuuliza ilikuwa kwa nani. Kaokota vigae vya sahani yake, kafunga mlango. Mkesha sikwenda.

Jumapili, 1 Januari 2006

Nimekwenda kuomba radhi. Nimeeleza Denmark yote. Mwanamvita kauliza hao Wadenmark pilau yake waliwahi kuila? Masudi kacheka mpaka kofia imedondoka. Mwanamvita hakucheka. Kasema sahani zimejaa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, hata kesho atavuka anunue. Ila Fauzia tangu siku ile, bombani hakanyagi mchana. Anasubiri watu walale ndiyo akachote maji. Mtoto niliyembeba mgongoni! Nimelia, na si machozi ya kuigiza.

Basi kaniambia nikae. Chai ikaja. Kisha kaniinamia, kasema kuna Yusuf, kijana mmoja wa malori, analeta barua ya posa wiki hii. Hajui mtu. Safari hii nikifungua mdomo, tusizikane. Nimeapa kwa Biblia na kwa kaburi la mama.

Jumanne, 3 Januari

Jana nimenyamaza siku nzima. Tumbo limejaa gesi. Leo bombani sikwenda, nauogopa mdomo wangu. Nimebadilika kabisa.

Anastazia ndiye kanifuata mwenyewe. Kaanza kusema Fauzia atazeekea kwa mama yake. Sasa ningemwacha? Nilikuwa namtetea mtoto! Nimemtajia Yusuf tu. Na malori. Na barua. Mengine sikusema. Halafu nimemwapisha kama nilivyoapishwa, kwa hiyo siri iko palepale, imeongezewa mlinzi tu.

Ngoja, nje naitwa. Mwanamvita. Na Anastazia yuko naye, anasema si mimi, ni yeye, ni yeye! Ruti anasema nitoke sasa hivi, washenga wameyasikia sokoni, barua wameirudisha kwa wenye