Nzi Kukabidhiwa Ukaguzi wa Samaki

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Usafi, Soko la Kisimani,
Chini ya Kibuli, Kampala.

Mheshimiwa Hajji Abdunoor,

YAH: MALALAMIKO NA MAPENDEKEZO KUHUSU NZI WANAOTUMIKA KUKAGUA SAMAKI

Nakuandikia kwa unyenyekevu wa kijana uliyemwona akikimbia bila viatu kati ya meza za soko hili, na kwa kujiamini kwa mtu ambaye sasa ana Shahada ya Utawala wa Umma, daraja la pili la juu. Jina langu ni Taban Abubaker. Baba yangu ni kaka yake Kaltumi, muuza samaki wa meza ya pembeni, karibu na bomba la maji. Samaki wa shangazi yangu ndio walionisomesha, kwa hiyo jambo lililompata siwezi kulitazama kama mpita njia.

Naomba nilieleze tangu mwanzo. Tangu uvumi uenee mjini kwamba wako wauzaji wanaowapaka samaki dawa ya maiti ili wasioze, wanunuzi wetu wamejitungia kipimo. Hawamtazami tena samaki macho, hawafunui mashavu yake, wala hawambonyezi kuona kama nyama inarudi. Wanatazama nzi. Nzi akitua, samaki ni salama. Nzi asipotua, samaki ana dawa. Kamati yako nayo, badala ya kutafuta kipimo cha kitaalamu, imekipokea hicho na kukifanya kanuni.

Sasa shangazi yangu ana kasoro moja kubwa: anawatunza samaki. Wakifika kutoka ziwani alfajiri, huwatoa utumbo papo hapo, akawaosha kwa maji ya bomba mpaka damu iishe. Kisha huwapanga sandukuni, tabaka la barafu iliyopondwa, tabaka la samaki, tabaka la barafu tena, matumbo yakiangalia chini ili maji yasituame ndani. Sanduku lina tundu, barafu ikiyeyuka maji yatoke, kwa sababu samaki akilala katika maji yake mwenyewe huanza kuharibika. Juu hufunika gunia lililoloweshwa. Meza huisugua kwa majivu na ndimu. Matokeo yake ni kwamba nzi akifika hapo hakuti la kufanya, anaondoka.

Wiki iliyopita mjumbe wako, Bwana Bonny, alikuja na mwenzake kumpima. Walimtoa sato mmoja barafuni, hawa ambao sokoni wote tunawaita ngege, wakamweka kwenye sahani, wakakunja mikono, wakasubiri. Nzi mmoja alikuja, akamzunguka, akaenda zake. Bwana Bonny akatikisa kichwa mbele ya wateja.

"Mama, hata nzi imekataa. Sasa sisi tutasema nini?"

Mteja mmoja aliyekwisha kufungua mfuko akaufunga. "Banange! Na mimi nilitaka kupelekea watoto hii!"

Shangazi yangu, mwanamke ambaye hashiki hata simu kabla ya kunawa, aliambiwa kwamba Jumamosi atapimwa tena, na nzi wasipotua, meza yake atapewa mtu mwingine.

Naomba ieleweke kwamba siipingi kamati. Sikwenda chuo kikuu kujifunza kupinga kamati. Ninachoomba ni kwamba, kama nzi ni wakaguzi, basi wawe wakaguzi kwa utaratibu unaoeleweka. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Nzi waliajiriwa bila ushindani. Mwaka jana niliomba kazi ya msaidizi wa ukaguzi katika kamati hii hii. Nilijibiwa, kwa lugha nzuri sana, kwamba sina uzoefu wa miaka mitatu. Nilikubali. Baadaye nikasoma kwamba nzi haishi hata miezi mitatu. Ningependa kujua uzoefu wake aliupatia wapi, na ni nani aliyemdhamini.

2. Hawafiki kazini kwa wakati. Alfajiri samaki ana macho maangavu, nyama imekaza, ananukia ziwa na si kingine. Saa hiyo ya baridi mkaguzi hakuna. Wanaanza kujitokeza jua likishapanda, na wanafika kwa wingi mchana, samaki akiwa amelegea na jicho limezama. Kwa hiyo katika soko letu samaki hupata kibali cha kuliwa wakati ule ule anapoacha kufaa kuliwa. Siku za mvua hawaji kabisa, na sijasikia nzi aliyeandikiwa barua ya onyo.

3. Wanapokea kitu kidogo. Hili nalisema kwa uchungu. Jirani wa shangazi, Bwana Okwera, huwaanika samaki wake juani juu ya gunia kavu, na katikati yao huweka kipande cha fenesi lililoiva. Nzi wamejaa hapo kama wageni wa harusi. Okwera anawapungia wateja mkono: "Karibu nnyabo, karibu mama! Angalia, madaktari yote iko kwangu!" Na foleni inafika njiani. Nilipomwuliza fenesi ni la nini, alicheka mpaka akashika meza. "Taban, wewe umesoma! Mgeni akikuja kwa nyumba, haumpe kitu?" Mheshimiwa, mkaguzi anayekirimiwa kabla ya kukagua, sisi tuliosomea utawala tunalo jina lake, ila barua hii ni ya heshima.

4. Wana mgongano wa maslahi. Mkaguzi huyu anatoka chooni, hanawi, anakuja moja kwa moja juu ya chakula. Akimaliza kukagua, anataga. Yaani anampitisha samaki, kisha anawaachia wanawe makazi na posho ndani ya samaki huyo huyo. Najua hatakuwa wa kwanza kuwatafutia jamaa zake nafasi mahali alipotumwa kukagua, lakini wengine angalau hungoja watu waondoke.

5. Kanuni haitumiki kwa usawa. Siku niliyoleta maombi yangu ya kazi ofisini kwako, nilikaa kwenye benchi asubuhi nzima. Dirisha lina wavu. Feni inazunguka. Juu ya kabati pana kopo la dawa ya kupulizia wadudu. Sikuona nzi hata mmoja. Hakuna aliyetua juu yako, wala juu ya wajumbe, wala juu ya sambusa zenu. Mimi binafsi sina shaka yoyote. Lakini kanuni yenu inasema kitu kisichotuliwa na nzi kimepakwa dawa. Na watu wenye nia mbaya wanaweza kuongeza kwamba kamati hii ni ile ile iliyokuwapo nikiwa darasa la pili, sura zile zile katika viti vile vile, hakuna aliyelegea wala kubadilika rangi, na wakauliza mmehifadhiwa na nini. Mimi huwajibu kwamba ni uzoefu.

Kwa kuwa kulalamika bila kupendekeza ni tabia ya watu ambao hawajapita chuo, naomba nipendekeze kuundwa kwa Kitengo cha Nzi Rasmi. Nzi hao wafugwe mahali safi, walishwe chakula kisichoegemea upande wowote, wasiwahi kuonja fenesi, na waletwe sokoni alfajiri ndani ya chupa yenye muhuri wa kamati. Nzi afunguliwe mbele ya mashahidi. Akitua, samaki apigwe muhuri. Akikataa, muuzaji awe na haki ya kukata rufaa kwa nzi wa ngazi ya juu, wale wakubwa wa kijani, ambao kila mtu anajua hawakatai kitu. Nzi atakayebainika kutua kwa upendeleo asimamishwe kazi kupisha uchunguzi. Natambua kwamba uchunguzi unaweza kudumu kuliko maisha yake, lakini hilo halitakuwa geni katika soko letu.

Kanuni ikishazoeleka, itafaa ienezwe. Pilau ya harusi isiyo na nzi irudishwe jikoni. Mtoto wa shule ambaye nzi hawaondoki puani mwake atangazwe mwenye afya kuliko wote. Zahanati nazo ziache kuvifunika vidonda, maana kidonda kilichofungwa bandeji safi tutajuaje kama ni cha kweli?

Kitengo kama hiki kinahitaji kiongozi kijana, mwenye elimu, asiye na undugu na nzi. Najitokeza kwa nafasi ya Afisa Mratibu wa Nzi. Wasifu wangu nimeuambatisha, pamoja na picha mbili ambazo nimevaa tai.

Wakati kitengo kikiandaliwa, naomba kipimo cha Jumamosi kiahirishwe hadi kundi la kwanza la nzi rasmi litakapohitimu. Hapa, Hajji, naomba unisikilize kama mzee wa mtaa na si kama mwenyekiti. Tangu siku ile ya sahani, shangazi hauzi. Samaki wanashinda chini ya barafu, wazuri vile vile, na jioni anawagawia majirani. Jana nilimkuta amefunua gunia, anaichota barafu kwa mkono na kuimwaga mferejini, huku akitazama hewani kama mtu anayesubiri mgeni aliyechelewa. Aliponiona aliniuliza polepole, "Taban, nikiwaacha waharibike kidogo tu, si watakuja?" Huyu ni mwanamke ambaye maisha yake yote hajamwuzia mtu samaki wa jana. Nilimrudishia barafu yake sandukuni, nikaenda kutafuta karatasi.

Nifikishie salamu kwa Hajjati Ruqaiya na watoto wote nyumbani, kwa Bwana Bonny na mwenzake, kwa Mama wa chai anayewahudumia ofisini, na kwa Bwana Okwera pamoja na wakaguzi wake, walio kazini na walio mapumzikoni chooni.

Nabaki wako mtiifu, ninayesubiri kuajiriwa,

Taban Abubaker
(Shahada ya Utawala wa Umma)

Nyongeza: Jumamosi imefika kabla barua haijakufikia, kwa sababu ofisi yako jana niliikuta imefungwa mapema. Nililazimika kuchukua hatua ya kiutawala. Alfajiri nilikwenda kwa Okwera nikachukua sato mmoja wa juzi, na jua lilipopanda nikamlaza juu kabisa ya gunia la shangazi. Shangazi alinijia na kisu cha kuparia magamba. Nikamwambia atulie, huyu si wa kuuzwa, huyu ni afisa. Nzi walikuja wote, hata wale wa kijani. Bwana Bonny alipofika alisimama, akatabasamu, akampa shangazi mkono: "Sasa mama, hii ndiyo samaki!" Wateja wamerudi. Wanamtazama wa juu, wanaridhika, wanafungiwa wa chini. Shangazi kwa furaha alitaka kumzawadia Bwana Bonny yule yule aliyefaulu. Bwana Bonny alirudi nyuma mpaka akagonga bomba. "Aa, hapana mama! Nipe ya chini, ya barafu. Mimi iko na watoto."

Mchana huu Munirah wa meza ya kati, ambaye naye hutumia barafu na naye mmeahidi kumpima, ameniomba nimpelekee afisa wangu Jumatatu. Wengine wawili wamejiandikisha kwa Jumanne. Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba uyafute malalamiko yangu, la kwanza hadi la tano, usiunde kitengo chochote, na maombi yangu ya kazi uyaweke kando, kwani nimekwisha kuajiriwa. Kanuni ya nzi, tafadhali sana, isiguswe.

Limenibakia tatizo moja tu la kitaalamu, nalo ni namna ya kumhifadhi samaki huyu katika hali hii hii ya kuoza, asizidi wala asipungue, mpaka wiki ijayo. Shangazi amenishauri barafu, lakini nahofia ataharibika kwa kuwa mzima. Kama kamati yako, kwa uzoefu wake wa miaka mingi, ina njia inayoitumia, nitashukuru kuelezwa.