Wazima kwa Ajili ya Rosalind

Ijumaa, 9 Januari 2015

Rosalind amekuja! Kaingia na theluji mabegani na lile begi lake la kahawia, kakaa mezani kwangu asubuhi mpaka jioni, kaondoka. Hita inawaka, lakini ofisi imepoa.

Habari si nzuri. Yeye ndiye mtu wa hesabu kule makao makuu, Madison, na hajui kupaka mambo sukari. Sheria mpya inatukataza sisi watu wa bima ya afya kumkataa mgonjwa au kumtoza zaidi. Ni haki kabisa. Dada yangu Arlene, mwenye kisukari, alilia alipopata kadi yake ya kwanza ya bima. Tatizo, wagonjwa wamekuja na wazima wamebaki nyumbani, wanaona heri walipe faini ya serikali ya kukosa bima. Mfuko wa bima unatoa zaidi ya unavyoingiza. Wazima wasipopatikana kabla Februari haijaisha, kampuni inafunga virago katika kaunti yetu.

Arlene atahangaika upya. Mimi nitakosa kazi. Yote mawili yananiuma. Lakini niseme ukweli hapa pasiposomwa na mtu: kampuni ikiondoka, Rosalind hatakuwa na sababu ya kuja huku Hegstad. Kila anapokuja najiandaa kumwambia jambo. Kila anapokuja naishia kumweleza matatizo ya printa. Akiwa mbele yangu namwita Bi. Pawlak.

Aliniuliza naendeleaje. Nikamwambia sio mbaya sana. Huku kwetu kaskazini ndilo jibu, hata paa likiwa limekuangukia.

Jumamosi, 10 Januari

Wazo! Mashindano ya kuteleza kwa ski kwenye ziwa lililoganda. Vijana mia wenye mapafu ya farasi! Nikaweka meza pale wanapomalizia, na sufuria la supu ya njegere ya bure.

Vijana walipita mbio, wakaingia kwenye magari yao, wakaenda zao. Supu ikavuta watazamaji. Nimeandikisha watu wengi sana. Wote wanakohoa. Mmoja alikuja na mtungi wake wa oksijeni, akaomba supu mara ya pili.

Leland Brekke, anayeuza bima za magari ng'ambo ya barabara, alisimama akicheka na donati mkononi. Akaniuliza kama nimejaribu makaburini. Huyu mtu hana kazi. Rosalind akija, humpungia mkono dirishani, na Rosalind humjibu! Nimeona kwa macho yangu.

Jumatatu, 12 Januari

Jana usiku sikulala vizuri, nilikuwa nawaza mikono ya Rosalind inavyofungua begi. Alfajiri likanijia wazo jingine. Wakata magogo wa kambi ya Haugen! Wanaume wanaobeba misumeno tangu utotoni, ambao daktari hawamjui hata kwa sura. Hawajawahi kudai senti kwa bima yoyote.

Nikaendesha mpaka kambini msituni. Sheria hainiruhusu kuchunguza afya ya mteja, lakini kusalimiana haijakataza. Nikawasalimu mmoja mmoja. Haugen mwenyewe: sio mbaya. Kijana wake: sio mbaya. Sven Ruud, anayetembea ameshika mkanda wa suruali kwa mkono mmoja: sio mbaya sana. Nikawaeleza faini ilivyopanda mwaka huu. Wake zao walikuwa wameleta chakula, wakasikia, wakawasimamia mpaka wa mwisho akatia sahihi.

Kambi nzima! Chuma kitupu! Nikampigia Rosalind. Akasema ana furaha kusikia sauti yangu. Bila shaka, kwa habari kama hizo.

Jumatatu, 2 Februari

Kadi za wakata magogo zimeanza kazi jana. Leo saa mbili asubuhi wamenipigia simu kutoka zahanati, wanauliza nimefanya nini. Foleni imefika nje kwenye theluji.

Haugen ana magoti mawili yaliyokwisha kabisa. Kijana wake bega lilichomoka miaka ya shule, likarudishwa na mjomba gereji. Ruud ana ngiri, na ule mkanda ndio umeizuia miaka yote. Wote upasuaji. Wote kwa bima yangu.

Nikamkuta Ruud kwenye foleni. Nikamwambia, kwa heshima zote, kwamba alinihakikishia hali yake si mbaya. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

"Haikuwa mbaya, Verlin," akasema. "Sikuwa na bima."

Leland kaja jioni na donati. Anadai niachane na hizi mbio za kutafuta wazima, nimwalike Bi. Pawlak samaki wa kukaanga Ijumaa pale ukumbi wa kanisa, basi. Eti mji mzima unajua, nimebaki mimi tu. Wivu! Donati nilikula.

Ijumaa, 27 Februari

Rosalind alikuja kwa mara ya mwisho. Nilimsimulia habari za mkanda wa Ruud, akacheka mpaka akavua miwani na kufuta macho. Nilitamani kicheko kile kisiishe. Kisha akasema kampuni imeamua: mwaka huu ukiisha, inatoka. Yeye mwenyewe ameshamtafutia Arlene kampuni nyingine, ghali kidogo, lakini hatakosa dawa. Alifanya hivyo bila kuombwa.

Akafunga begi. Akasimama mlangoni muda mrefu, baridi inaingia.

"Verlin," akasema, "hesabu hizi zote ungeweza kunitumia kwa kompyuta. Hakuna aliyewahi kunituma kuja huku."

Nilijua hapa pana jambo kubwa, sikujua lipi. Nikamwambia awe mwangalifu darajani, pana barafu. Akaitikia kwa kichwa, akaenda. Nilibaki dirishani mpaka taa za gari zikapotea. Namkumbuka tayari, na kiti chake bado kina joto.

Jumapili, 1 Machi

Siku mbili nimeyawaza maneno yake, hata kanisani. Leo, katikati ya wimbo, nimeelewa!

Hakuna aliyemtuma. Maana yake alikuja kwa gharama za kampuni bila idhini! Petroli, hoteli, vyakula, mwaka baada ya mwaka. Kumbe si Ruud aliyetoboa mfuko. Maskini Rosalind, alikuwa anaungama kwangu, nami nikamweleza habari za daraja! Simlaumu. Nampenda hivyohivyo, na sitamtaja kwa mtu yeyote.

Nimempigia mkurugenzi nyumbani kwake. Nikamshauri, bila kutaja jina, kwamba kuanzia sasa hesabu zote za kaskazini zitumwe kwa kompyuta, na safari za kuja huku zipigwe marufuku moja kwa moja. Amekubali palepale! Kasema atatoa amri kesho asubuhi.

Kampuni itaokoa fedha. Itabadili mawazo, itabaki. Na ikibaki, Rosalind atakuwa na sababu ya kuja.