Nyimbo Nne, Zote Nusu

Jumatatu, 1 Septemba

Nyimbo nilizozipenda mwezi wa nane ni nne. Hakuna hata mmoja ninaojua unavyoisha. Nazisikia mjini Kasulu nikitoka shule, kwenye meza ya fundi redio, Mzee Bazilio. Redio ikipona tu, anazima!

Leo Mwalimu Shamsi ametangaza kwamba atakayeleta wimbo mzuri wa kuwaaga kidato cha nne ndiye atakayeongoza kwaya siku ya mahafali. Mwisho Ijumaa. Uwe umesikika redioni, siyo wa kubuni. Mwaka jana mtu alibuni, ukawa wa maharage.

Miaka mitatu nimeimba nyuma ya Yusuph, ambaye ni mrefu kama nguzo. Bibi huja kila mahafali na hajawahi kuniona.

Wimbo ninao. Yaani nusu. "Silali, nageuka, kitanda changu hakinitaki..." Huzuni tupu! Nililia pale pale kando ya vitunguu.

Jumanne, 2 Septemba

Nimemshauri Mzee Bazilio, kwa heshima, kwamba redio ingejaribiwa kwa wimbo mzima. Akasema, "Mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kiha, "mgonjwa akipona haachwi wodini." Akazima. Nikapanda kilima hadi nyumbani Heru Juu na nusu yangu ile ile. Miguu imechoka.

Faudhia, ambaye baba yake ana duka la vitenge na simu kubwa, amenisikia nikirudia nusu ile, akauliza mbele ya darasa kama nitaongoza nusu ya kwaya. Sasa naitwa Nusu Wimbo. Jina limeshika.

Jumatano, 3 Septemba

Mpango! Asubuhi Bibi alipokwenda kuanika mihogo, nimelegeza waya wa redio yake. Ikiharibika vibaya itajaribiwa sana.

Mzee Bazilio ameifungua, akacheka, akauliza tangu lini redio zinatengenezwa kwa kisu cha mihogo. Unga ulikuwa kwenye skrubu! Dakika mbili, imepona. "...kitanda changu hakinitaki..." Akazima.

Bibi amekosa matangazo ya vifo. Ameuliza, mtu wake akizikwa bila yeye, atamwambia nini wakikutana huko?

Alhamisi, 4 Septemba

Nusu ya pili nimeitunga mwenyewe, nikimenya muhogo. Inahusu bweni tupu, na jina la rafiki lililobaki limekwaruzwa kwenye dawati. Sitamwambia mtu.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimeimba. Mwalimu Shamsi akavua miwani, akauliza ubeti wa pili nimeutoa wapi. Redioni, mwalimu. Kweli? Kweli. Nikaapa mara tatu.

Faudhia akanyoosha mkono. Samahani mwalimu, wimbo huo anaujua. Akaumalizia: "...nikapuliza dawa, kunguni kwaheri!"

Tangazo la dawa ya kunguni! Darasa likaanguka. Hata Yusuph alicheka, na Yusuph huwa hacheki kwa sababu ya meno.

Mwalimu akangoja watulie. Akasema ubeti wa kwanza utupwe, wa pili ubaki. Na kama aliyeutunga yumo humu darasani, ajitaje, sheria ile ameifuta, ataongoza yeye. Akanitazama. Akaendelea kunitazama.

Lakini nilikwishaapa! Nimefundishwa vizuri: kiapo ni kiapo. Nikasema tena, redioni.

Akashusha pumzi, akampa Faudhia uongozi wa kwaya.

Jumamosi, 6 Septemba

Bibi ameuliza safari hii nitasimama wapi. Nyuma ya Yusuph, Bibi. Akasema basi atakuja kumwangalia Yusuph.

Mchana nimepita mezani kwa Mzee Bazilio. Wimbo mpya, mtamu ajabu! "Niliacha mlango wazi, ukaingia kimya kimya, ukala..." Akazima. Ukala nini? Moyo, bila shaka! Huu ndio wimbo wangu bora wa Septemba, na mwezi bado mchanga.

Nimekaa nikatafakari kwa makini ni wapi nilipokosea wiki hii. Ni kisu. Kesho, Bibi akiwa kanisani, nitatumia kijiko.