Sifongo Mwenye Jina Langu

Jumatatu, 4 Machi
Wapiga mbizi wameleta sifongo wapya, wanyama wa baharini, kutoka mwambani. Kazi yetu maabarani: kata kipande, yeyusha nyama kwa dawa ya kuondoa madoa, weka tone chini ya hadubini, tazama visindano vya mwili wake vinavyobaki. Visindano ndivyo humtambulisha mwenyewe. Sifongo wangu wa kahawia ana visindano virefu na vinyota. Kwa pamoja! Kitabu hakimjui. Kiumbe kipya, na chai bado haijaiva.

Mama mkwe husema hakuna kitu duniani chenye jina langu, hata mita ya umeme. Tutaona.

Jumanne, 5 Machi
Pigo. Mkuu wa maabara kasema mgunduzi hampi kiumbe jina lake mwenyewe. Ni aibu. Humwita kwa jina la mwenzake. Mwenzangu ni Miwani, jirani wa meza, mwanamke anayepanga kalamu zangu bila kuombwa. Sikubali.

Basi agundue yeye, ampe jina langu.

Jumatano, 6 Machi
Nimesogeza chupa mezani kwa Miwani kimyakimya. Nikampa kiti changu, kile kisichoyumba. Akauliza kama naumwa. Nikamwambia ukarimu ni tabia yangu, na kwamba jina langu kwa Kilatini linapendeza sana.

Nyumbani nimemdokeza mama watoto. Kampigia mama yake papo hapo. Mama mkwe anakuja Ijumaa kumwona mnyama.

Alhamisi, 7 Machi
Miwani kakata kipande kipya. Visindano virefu tu. Akauliza mrija wangu wa kudondoshea niliuosha lini. Nikasema hilo si swali la kumuuliza mtu mzima. Akaupitisha tone la maji, akalitazama kwa hadubini: vinyota tele, vya sifongo wa njano wa wiki jana. Wa kahawia ni wa kawaida, tunao kabati zima.

Nimeona aibu kweli. Kiti hajarudisha.

Ijumaa, 8 Machi
Mama mkwe kafika. Nilikuwa nimebandika jina langu kwenye chupa. Akauliza huyu mnyama anafanya nini. Nikamweleza kwamba hukaa pale pale maisha yake yote, akipitisha maji. Akasema basi jina limempata mwenyewe.

Alipoondoka nikamshika sifongo mwekundu. Ana visindano virefu, vinyota, na vingine vilivyopinda kama kulabu! Safari hii Miwani hajui kitu. Mrija ni uleule. Sikuuosha, nisije nikaosha bahati.